Kadii na Mbegu za Ganze

Kadii alipomaliza masomo ya takwimu chuo kikuu, watu wa Ganze walitaraji atafute ofisi Mombasa. Yeye akarudi kwao, kwa babake, Mwaringa, mkulima wa mahindi. Alikuta ubishi mkali: mbegu mpya ya dukani inaishinda ile ya kienyeji, au haiishindi? Waliojaribu ile mpya waliisifu mno. Kadii akapita mashambani, akaona kwamba karibu wote waliipanda bondeni penye unyevu, na ile ya kienyeji wakaiachia mlimani kwenye changarawe.

"Hamkushindanisha mbegu," aliwaambia wakulima wa kikundi cha pale Ganze. "Mmeshindanisha bonde na mlima."

Akapendekeza kila shamba ligawanywe vipande, na kila kipande kipigiwe kura kipate mbegu gani. Aliyekuja juu kwanza ni Mwaringa.

"Shamba langu liamuliwe kwa nasibu, kama kamari?"

"Baba, nikichagua mimi, jicho litapendelea hata nisipotaka. Kura haina mjomba."

Mzee alinuna, ila shamba akalitoa. Mvua zikawa haba. Mavuno yalipopimwa, wastani wa mbegu ya kienyeji ulikuwa juu kidogo. Vigelegele vikapaa, na Mwaringa akashangilia kuliko wote.

"Bado," akasema Kadii.

Aliandika mavuno ya kila kipande cha shamba kwenye kikaratasi chake, akavichanganya vikaratasi hivyo kikapuni, akamwomba Emily, mwenyekiti wa kikundi, avigawe mafungu mawili bila kutazama. Tofauti ya mafungu hayo ikatoka kubwa kama ile ya shambani. Wakarudia, ikatoka tena.

"Mnaona? Bahati tupu yaweza kutupa tofauti hii. Nikisema mbegu yetu imeshinda, nitawadanganya. Tuongeze mashamba."

Walitawanyika wakinung'unika. Lakini msimu uliofuata majirani wengi walijiunga, naye Mwaringa ndiye aliyewabembeleza. Mvua zikapunja tena, na mbegu ya kienyeji ikaongoza tena. Safari hii walichanganya vikaratasi mpaka mikono ikachoka, na bahati haikukaribia tofauti waliyoiona shambani.

"Sasa nasema," Kadii akatamka. "Mvua ikiwa haba, tupande ya kienyeji. Ikinyesha vizuri, sijui. Hatujapima."

Wakaalikwa Kilifi kuwaeleza wakulima wenzao. Kadii alipomaliza, mkulima mmoja wa Kaloleni akasimama. "Mbona jirani yangu alipanda ile mpya akajaza ghala?"

Kabla Kadii hajajibu, Mwaringa alikwisha inuka, shati lake la kanisani limenyooshwa pasi.

"Ndugu yangu, huyo ni mmoja. Kwanza tuulize alipanda wapi. Halafu tuulize wale ambao ghala zao hazikujaa, maana hao hawasimuliwi."

Makofi yakaanza nyuma ya ukumbi. Mzee akamnyooshea mkono Kadii.

"Mimi nilibisha sana. Aliyenifunza ni yule pale. Binti yangu wa kumzaa."

Kadii akainama kukusanya karatasi zake, na tabasamu likamshinda kulificha.