Siku Nane za Kukaa Darasani

Gredi ya Nne nilikuwa na wanafunzi hamsini na nane. Nikiwahesabu mara ya pili wanakuwa hamsini na saba, na sikuhitaji kuuliza ni nani hayuko.

Msichana huyo aliyetoka darasani kila mara hakuwa mjeuri. Alijibu swali kabla halijaisha, akapanda dawati kutazama mvua, akaomba msamaha huku akipanda tena. Nilisoma kwa simu kuhusu ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, nikamwambia mwalimu mkuu huenda ni hiyo, na kwamba hospitali imetupa miadi ya miezi minne mbele.

"Madam, wazazi wengine wanalalamika leo, si miezi minne," akasema. "Mamake ampeleke kwingine."

Kabla ya ualimu niliuza mitumba sokoni Sosiot, kwa hivyo sikulia, nikaanza kupatana naye. Niliomba mwezi. Akataja siku tano. Tukapatana siku nane za shule: akitoka darasani hata mara moja bila ruhusa, mamake anaitwa amchukue.

Nikamhamisha mbali na dirisha. Hesabu kumi nikazikata tatu tatu, moja ikabaki ya nyongeza. Akimaliza tatu, anafuta ubao au anagawa vitabu. Aliandika akiwa amesimama nyuma, na aliandika vizuri. Siku sita zikapita. Nilizihesabu kwa vidole, halafu kwa rejista. Sita.

Nilichosahau ni mvua. Ikinyesha sana majani ya chai hujaa, na lori la kuyabeba, ambalo kwa kawaida huja saa kumi jioni, huanza kuja asubuhi pia. Kwao, honi ikilia, yeye ndiye hukimbia kumshikia mamake nafasi kwenye foleni ya mizani. Siku ya saba, saa nne na nusu, honi ikalia. Akatoka mbio.

Mwalimu mkuu alikuwa kwenye veranda.

"Nimemtuma," nikasema.

"Wapi?"

"Ofisini, alete chaki."

"Ofisi iko huku, Madam. Huyo ameenda kule."

Msichana alirudi akihema, matope hadi magotini. Nikamkazia macho. "Si ni mimi nilikutuma?"

"Hapana, Mwalimu," akanikatiza. "Nimesikia lori nikaenda. Mama hakuwa huko. Pole."

Kesho yake mamake alikuja na gamboti miguuni, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. "Sasa nimpeleke wapi, Mwalimu? Hii ndiyo shule ya tatu."

Nikamwomba mwalimu mkuu angalau amwache kwenye rejista, hata kama hatakaa darasani, hadi siku ya hospitali. Akakubali papo hapo, bila kupunguza hata siku moja. Sokoni, mteja anayekubali bei ya kwanza hivyo hana nia ya kununua.

Nikamwonyesha mama jinsi ya kukata hesabu, mtoto asimame, apewe kitu cha kufanya katikati.

"Mimi hutoka kwa majani giza likiingia," akasema. "Hiyo yote nitafanya saa ngapi?"

Nikaanza kumwonyesha tena, kutoka mwanzo.