Siku niliyoifungulia dunia nzima siri ya Mama Béa

Mpaka leo nikimwona mtu aliyekuwa kwenye ndoa ya dada Nadège, navuka barabara, na nyinyi chekeni tu, maana hata mimi ningecheka kama yasingekuwa yangu.

Mnajua kwetu Lubumbashi kila ukoo unaingia salle, yaani ukumbi wa sherehe, na kitenge chake, na hakuna kukionyesha kabla. Mama Béa, mama yetu mkubwa aliyemlea Nadège, alizunguka soko zima kutafuta cha kutupa heshima, akanipa picha ya kitenge alichokichagua niitunze kwenye seva yangu, kwa kuwa simu yake huwa mikononi mwa wajukuu. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo, kichwa kikavimba, nikaiweka ndani ya tovuti ya ndoa, kwenye folda niliyoifunga asiisome mtu ila mimi, nikaiita "kitenge-cha-ndoa".

Halafu nikazitumia koo zote mbili kiungo, watu waweke picha za zamani za maharusi. Zikagoma kuingia. Seva inasema haina ruhusa ya kuandika, wakwe wananipigia simu mmoja baada ya mwingine, na mimi (uvivu huo) badala ya kuuliza ni folda ipi na nani anataka kuandika, nikapiga amri ya chmod -R 777 juu ya tovuti nzima, yaani kila mtu asome, aandike, afanye atakavyo, mpaka folda ya mwisho. Picha zikaingia, nikajipongeza kwa soda baridi. Wala sikujua kwamba ukifungua kiungo kile, seva yangu inakuorodheshea kila folda iliyomo.

Siku ya ndoa, ukoo wa bwana harusi ukatangulia kuingia, wanacheza, wamependeza, wamevaa bluu yenye maua ya njano. Kitenge chetu kile kile. Mama Béa, aliyekuwa mlangoni na mama zetu wote wakisubiri zamu, akanishika mkono.

"Patou, nani alibaonyesha kilamba yetu?"

"Sijui, mama mukubwa."

Na kweli sikujua, tena nilikuwa na hamu ya kujua kuliko hofu, nikajibanza nyuma ya spika nisome kwenye simu nani kafungua nini. Sijafika mbali, shangazi wa bwana harusi akamjia Mama Béa huku anatabasamu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka meza ya maharusi:

"Merci, mama. Tulifungula lien yenye mutoto wenu alitutumia, tukaona kilamba, tukawaza munataka tuvale sawasawa."

Ukumbi ukapiga makofi kusifu umoja wetu. Mama Béa akacheka meno tu, macho yakanitafuta, na hapo ndipo aibu iliponishika vizuri.

Baadaye niliiuliza seva maswali niliyopaswa kuyauliza mwanzo. Kumbe kila faili linazaliwa na ruhusa zake, na kuna mpangilio mdogo, umask, unaoamua mapema nani atanyimwa nini. Siku ile ingetosha kuiruhusu seva iandike kwenye folda moja ya picha, basi, na kitenge hakikuwa na kazi ndani ya tovuti. 777 siigusi tena, hata wakwe wapige simu mpaka betri iishe.

Mama Béa anasema amenisamehe. Juzi tumeanza kuandaa ndoa ya mdogo wake Nadège, nikamuuliza safari hii kitenge ni cha rangi gani.

"Utaiona ku salle," akanijibu, "sawa bantu bote."