Makaa Mapya ya Dinamo Kuukuu

Dada yangu alibaki na trekta kama mtu anavyobaki na ng'ombe wa ukoo: yeye ndiye anayemkatia majani na kumwogesha, lakini siku ya kuamua wanaitwa wengine. Mume wake aliinunua ikiwa tayari mzee, mashine ya enzi za babu zetu, akaihangaikia mpaka ikawa inawalimia watu mabondeni na kuwalisha wao wawili. Alipofariki, ilikaa chini ya turubai ubavuni mwa nyumba yao Batsinda. Ndipo ndugu zake wakakumbuka jambo ambalo hawakuwahi kulitaja miaka yote walipokuwa wakila kwa dada na kunawa mikono kwa maji ya dada: kwamba yeye na marehemu hawakufunga ndoa ya serikali. Kwa karatasi hakuwa mke. Kwa hiyo trekta ilikuwa ya ukoo.

Walikaa kikao. Aliyetuletea majibu ni mdogo wa marehemu, ambaye mimi namwita shemeji na yeye huniita muramu, ambalo ni neno hilo hilo kwa Kinyarwanda. Alisema ukoo umekubali trekta isiuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Itengenezwe kwanza, kisha ifanye kazi. Dada alifunga kanga upya kiunoni, kama afanyavyo akitaka kuficha furaha. Alikuwa na kipande cha shamba bondeni, na majirani wa shamba walishamwambia kwamba ikiwaka kabla ya mvua watamwita awalimie. Marehemu alimfundisha kuiendesha. Alichohitaji ni mashine inayowaka bila kusukumwa.

Injini haikuwa na neno. Ugonjwa ulikuwa kwenye dinamo, kile chombo kinachochaji betri, na dinamo ni kazi yangu. Nina kibanda cha umeme wa magari Gatsata, juu ya barabara, katikati ya kelele za watu wanaonyoosha mabodi.

Shemeji aliileta dinamo mwenyewe, ameifunga kwenye kipande cha kitenge, maana anauza vitenge soko la Kimironko na vitu vyake vyote husafiri hivyo. Mimi hunisemesha Kiswahili, kwa sababu nililelewa Tanzania na Kinyarwanda changu bado kinachechemea. Kiswahili chake amekiokota sokoni.

"Muramu, usiniwekee alternator," aliniambia kabla hajakaa.

"Ingekuwa rahisi, shemeji. Ya gari dogo inafanya kazi ile ile ya dinamo, tunabadilisha nyaya, tumemaliza."

"Oya, hapana. Nataka vitu yake ya zamani. Yote. Hata taa, ukipata kioo yake, weka ile ya zamani."

Jirani yangu, fundi wa radieta, alitoa kichwa. "Huyu anataka trekta au anataka kumfufua kaka yake?"

"Wewe ziba matundu yako," shemeji alimjibu akicheka. "Hii trekta iko inaenda kurimba mpaka mushangae."

"Kulima," nilimsahihisha. "Ulimi uguse juu: la, la, la."

"La, la, la," alirudia kwa utii, na fundi wa radieta akashika mbavu. "Sawa, mwalimu. Itarimba."

Huu ni mchezo wetu wa kila siku mjini hapa. Herufi hizo mbili, l na r, zinapokezana viti. Mtu atakukaribisha kwa "kalibu", ataenda "kurara", atakupa pole kwa "hari" yako mbaya. Ukikaa muda, sikio linajifunza kunyoosha lenyewe, kama fundi anavyonyoosha bati bila kufikiri. Na lile ombi lake la vitu vya zamani nililipokea kama heshima kwa marehemu. Nilimpenda kwa ajili yake.

Basi nikaifungua. Kama una dinamo ya namna hiyo nyumbani, usiiogope; ni mashine ya kweli, haina siri. Ndani kuna mhimili uliosukwa nyaya, tunaouita amecha, unaozungushwa na mkanda wa feni. Mwisho wa mhimili huo kuna ngoma ya shaba iliyokatwa vipande vipande, na juu ya ngoma wanakaa vijana wawili weusi wanaosukumwa na springi. Hao ndio makaa. Kazi yao ni kusugua ngoma na kuchukua umeme unaozaliwa pale. Kwa kuwa wanasugua, wanakwisha. Ya marehemu yalikuwa yamekwisha hadi springi ikaanza kukwaruza shaba yenyewe, na ngoma ilikuwa na mfereji unaoweza kuupitishia ukucha.

Makaa ya dinamo hiyo hayapo tena dukani, wala Gatsata wala kwingine nilikouliza. Wengi hapo huchukua makaa ya stata, na hapo ndipo wanapoua dinamo. Angalia rangi: ya stata yana wekundu, yamechanganywa na shaba, ni magumu, yataitafuna ngoma. Tafuta meusi matupu. Mimi niliyapata kwenye mashine kubwa ya kukatia vyuma iliyokufa, yakiwa manene kupita nafasi yake. Unayapunguza taratibu kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, mpaka yateleze kwenye kikalio chake bila kucheza. Kisha unazungushia ngoma msasa laini, unayakalisha makaa juu yake, na unaizungusha kwa mkono hadi uso wake uchukue mviringo wa ngoma. Usiharakishe. Ukiharakisha yatagusa kwa ncha tu, yatatoa cheche.

Ngoma yenyewe niliipeleka kwa mchongaji wa vyuma ikaondolewa ngozi ya juu. Kati ya kipande na kipande kuna kizuizi chembamba kinachopaswa kuwa chini kidogo ya shaba, nikakikwangua kwa kipande cha msumeno, mfereji mmoja baada ya mwingine. Bushi ya nyuma, ile pete inayoshika mhimili, ilikuwa imelika, amecha imeinama inagusa ukuta. Nikachongewa nyingine ya shaba nyeupe, nikailaza kwenye oili mpaka ikanywa ikashiba. Kioo cha taa nilikifukua kwenye lundo la mabaki. Katauti, yule bawabu anayezuia umeme usirudi kutoka kwenye betri, nilimsafisha midomo.

Jioni za kazi hiyo dada alipita akitoka mjini, akakaa kwenye tairi. Aliniuliza kila kitu, nami nikamwonyesha, kwa kuwa mwenye mashine anapaswa kujua ugonjwa wake.

"Na hii ikianza kupiga kelele?"

"Bushi imekauka. Tone moja la oili kwenye kitundu hiki, basi. Usimwagie."

"Simwagii. Unadhani mimi ni nani, shemeji yako?"

Tulicheka. Tulicheka sana kipindi kile, jambo ambalo sasa linanikera kulikumbuka.

Siku ya kuifunga nilipanda Batsinda asubuhi. Dinamo iliyofunguliwa huwa imesahau upande wake, ni lazima uikumbushe kwa kuigusisha waya wa betri mara moja, mguso mfupi tu. Nikamwachia dada afanye mwenyewe. Waya ukatoa cheche, akaruka, majirani wakamzomea. Kisha akapanda kwenye kiti na kuwasha. Injini ilikohoa, ikashika. Alipoongeza mafuta, mshale mdogo kwenye saa ya chaji ulitoka kwenye sifuri na kuegemea upande ulio sawa, ukatulia pale.

"Inakula chaji?" alinipigia kelele.

"Inakula!"

Akawasha taa mchana kweupe. Zote mbili zikawaka.

Shemeji alifika wakati huo huo, na sikujiuliza amejuaje saa. Alikuja na mgeni mwenye viatu visivyowahi kuona Batsinda wakati wa mvua. Mgeni aliizunguka trekta, akapapasa usukani, akachungulia dinamo, akauliza kwa Kiingereza kama kila kitu ni cha asili yake. Shemeji akanielekeza mkono. "Fundi ni huyu. Muambie, muramu."

Nami nikamweleza, mjinga wa furaha, kuanzia makaa hadi bushi. Nilimweleza vizuri. Mgeni aliitikia kwa kichwa kila neno kama mtu anayepakuliwa chakula.

"Safi," alisema mwishoni, naye akahamia Kiswahili. "Tutaisimamisha pale bustanini, mbele ya mgahawa wangu. Usiku taa zake ziwake. Watu watapiga picha."

Dada alizima injini. "Isimame wapi?"

Shemeji alianza kumjibu kwa Kinyarwanda cha haraka, na yeye akamkata. "Sema kwa Kiswahili, na huyu asikie. Mliniambia itengenezwe ifanye kazi."

"Ni kazi," shemeji alisema. "Kusimama pale ni kazi. Ukoo umekubaliana. Na mimi sikuficha kitu. Nilimuambia muramu tangu siku ya kwanza, pale Gatsata, mbele ya watu: inaenda kurimba."

Alilitamka polepole, na safari hii nikalisikia lote. Si kurima. Kurimba. Kwa Kinyarwanda ni kupendeza, kuvaa ukapambika. Ndilo neno analomwambia kila mwanamke anayeshika kitenge kwenye meza yake. Nililijua neno hilo. Lakini nilikuwa nimekaa pale nikimfundisha "la, la, la", na yeye akairudia, akacheka, akaniacha. Mpaka leo sijui kama alisema ili nisikie au ili nisisikie. Najua tu kwamba alipokataa alternator alikuwa na sababu: trekta yenye alternator ya gari dogo inalima vizuri, lakini haipendezi.

"Shemeji," nilimwambia, "huyu atalima na nini?"

"Si ana mikono? Na wewe una mikono, muramu. Mikono mizuri kabisa." Hakusema kwa ubaya.

Lori lilikuwa likisubiri barabarani. Walishusha mbao mbili za kupandia, na kijana wa mgeni akapanda kwenye kiti na kuanza kupambana na gia. Ilipiga kelele ya meno kusagana. Alijaribu tena, nayo ikaruka mbele kama mbuzi. Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba, na nilidhani ataingia ndani afunge. Badala yake alikwenda akamgusa yule kijana begani.

"Shuka. Utaiua."

"Dada, achana nao," nilimwambia. "Waache waivunje."

"Wewe umekaa nayo kazi yote ile, unasema waivunje?"

Alipanda, akaiwasha, akaipandisha juu ya lori kwa gia ya kwanza, taratibu, bila kutetereka. Akazima, akashuka, akampa mgeni ufunguo. Akamweleza, kwa sauti niliyomfundishia mimi, wapi pa kutia tone la oili na kwamba asimwagie. Mgeni alishukuru. Shemeji alitazama pembeni, angalau hilo.

Baada ya mvua za kwanza nilipata kazi karibu na mgahawa ule, nikapita. Imesimama kwenye kokoto, imezungukwa na maua. Wameipaka rangi yote kwa pampu, dinamo na matundu yake ya kupumulia, mkanda wa feni, kila kitu ngozi moja. Nilimweleza mlinzi kwamba matundu yale yanapaswa kuwa wazi, la sivyo amecha itapata moto. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mzee, hiyo haiwashwi," alisema. "Taa tumevutia waya kutoka ndani."

Jumamosi nilikwenda bondeni kumsaidia dada. Alikuwa amefika nusu ya shamba kwa jembe, na majirani waliokuwa wamemwahidi kazi walikuwa nao wameinama, kila mmoja kwake. Nilichukua jembe la pili nikaanza upande wa pili wa tuta.

"Nimesikia uliiona," alisema bila kuinua kichwa.

"Niliiona."

"Wameipaka rangi?"

"Wameipaka."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Alisimama, akapangusa udongo kwenye jembe kwa kidole cha mguu.

"Haikuwahi kuwa nyekundu," alisema, akainama tena.