Jani la Isale Nililolidaka Mimi

Ninyi angalau nisitirini, maana nyumbani nimeshakuwa kichekesho. Mimi naimba raga hapa Moshi, na biti zangu hutengenezwa na rafiki yangu Elia. Mwezi uliopita alianza kunikwepa. Simu hapokei, tukikutana studio anaangalia chini. Nikajua tu ameiuza biti yangu mpya. Kila bodaboda iliyopita na muziki niliitegea sikio.

Jumapili akaja kwetu Rau na mjomba wake, mkononi ana jani la isale. Kwetu Wachaga, anayeleta jani hilo anaomba radhi, na ukilipokea umeshasamehe. Kabla hata hawajamwamkia baba, nikalinyakua.

"Nilijua, mwizi wewe! Haya, nimekusamehe yote!" nikatamba kama niko jukwaani.

Mjomba mtu akaganda. Dada yangu Anna akakimbilia jikoni.

"Kaka, biti sijaiba," Elia akasema kwa sauti ndogo. "Nimekuja kwa baba. Anna ana mimba yangu."

Baba aliliangalia lile jani mkononi mwangu, kisha akaniangalia mimi.

"Umeshasamehe? Basi mtoto utalea wewe."