Breki laini ya Probox ya mama: hewa iliyokataa kutoka, na nilichoona kwenye parking ya kanisa

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika nikiwa Mukurweini, nyumbani kwa mama. Nitasimulia mambo yalivyokwenda, pamoja na mahali nilipokosea. Mkiona kwenye huu uzi nimejua kila kitu tangu mwanzo, nishukuni.

Mama ana Probox. Kila asubuhi anashusha nayo maziwa hadi kwa cooler, kituo cha kupoza maziwa, na mnaojua barabara za huku mnaelewa maana ya kushusha. Kona, boda boda, ng'ombe wa mtu, kona tena.

Nilipofika nyumbani niliichukua niende dukani. Kwenye mteremko wa kwanza nikakanyaga breki, mguu ukazama karibu na sakafu. Nikakanyaga tena, na tena, ndipo ikashika.

Nikarudi nyumbani polepole na first gear.

"Mum, hii gari haina breki."

"Iko na breki. Unapump kwanza, halafu inashika. Si nilikuambia?"

Hakuwa ameniambia. Kwake haukuwa ugonjwa, ilikuwa tabia ya gari, kama ng'ombe anayepiga teke ukimkamua kutoka upande fulani. Unamzoea, humwitii daktari.

Shida ni kwamba Jumanne mama alikuwa amepanga kwenda Timau kuona mtoto mchanga wa dada yangu, mjukuu wake wa kwanza. Wanaume wa huku hawaelewi uzito wa safari hiyo. Wanawake wa kikundi chake wanaenda pamoja, wamebeba ndizi na unga wa uji, na bibi wa mtoto ndiye anatangulia. Mama angeendesha mwenyewe, gari imejaa, akipump kwa kila mteremko.

Nikamwomba aahirishe.

"Nimwambie nini huyo mtoto? Ati nilikuwa nangoja breki?"

Basi tukaenda kwa Fundi Maina, ambaye ndiye hutengeneza gari la mama. Alikanyaga pedal akasema, "Ni hewa tu." Akableed magurudumu yote, yaani akatoa hewa kwenye mafuta ya breki. Pedal ikawa nzuri kidogo, lakini bado laini. Akableed tena. Laini.

Kwa wasiojua: mafuta ya breki hayabanwi, hewa inabanwa. Hewa ikiwa ndani ya mfumo, mguu wako unaanza kwa kubana hewa kabla ya kubana breki.

Nikamuuliza hewa inaingilia wapi. Mafuta hayapungui. Hakuna gurudumu lenye unyevu.

"Engineer," akasema, "hiyo degree yako ni ya gari ama ni ya maswali?"

Ni ya uchumi.

Usiku nikasoma nyuzi kadhaa, zikiwemo za humu ndani, nikaamua ni master cylinder, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki. Niliamini kabisa. Asubuhi nikafanya test: unakanyaga pedal na kuishikilia engine ikiwaka. Ikizama taratibu, master cylinder inavuja kwa ndani.

Haikuzama. Nadharia yangu ikafia hapo. Nakiri bado nilitamani kununua master cylinder, maana mtu akishaipenda hoja yake kuiacha ni kazi.

Jumamosi, ili kujua hewa iko gurudumu gani, tukabana hose za mpira zinazopeleka mafuta kwa magurudumu kwa vice grip, koleo la kujifunga, tumezifunga kitambaa zisikatike. Fundi Maina alikubali nadhani ili nimwache apumzike. Zote zikiwa zimebanwa, pedal ilikuwa ngumu kama jiwe. Tukaachilia za nyuma, bado ngumu. Tukaachilia moja ya mbele, ikalegea. Ya pili, ikalegea zaidi.

"Basi caliper zote mbili za mbele zimekufa," akasema.

Zote mbili, vile vyuma vinavyobana diski, kwa wakati mmoja? Nikamgeukia mama, aliyekuwa amekaa kwenye jerrycan akitungoja.

"Mum, hizi za mbele ziliguswa lini?"

"Si Maina aliweka zingine za ex-Japan, zilizotumika? Zile za kwanza zilikuwa zinakwama. Hiyo tabia ilianza hapo."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi.

Nikapiga picha nyuma ya magurudumu. Sikuona kosa, kwa sababu sikujua usahihi unafanana vipi. Nilihitaji Probox nyingine ya kulinganisha.

Jumapili nikamwambia mama nitamsindikiza kanisani, kwa miguu. Alifurahi sana, kwani nina miaka sijaingia.

Kama kuna mahali Probox hupangwa kama maonyesho, ni parking ya kanisa Mukurweini. Wimbo ulipoanza, nikachuchumaa. Ya kwanza, nipple ya kutolea hewa iko juu ya caliper. Ya pili, juu. Zote, juu. Nikaangalia picha za Probox ya mama. Chini.

"Wewe kijana, unatafuta nini kwa magurudumu ya watu?"

Alikuwa Mama Njoki, rafiki wa mama na usher wa mlangoni siku hiyo.

"Naangalia breki, mama."

"Sasa? Watu wakiwa kwa maombi?"

"Breki za mama pia ziko kwa maombi. Hiyo ndiyo shida."

"Ingia ndani kabla niite mzee wa kanisa."

Nikaingia, nikakaa benchi ya mwisho.

Caliper ya kushoto ilikuwa imefungwa kulia, na ya kulia kushoto. Zinaingia bila shida, lakini nipple inaangalia chini. Hewa hupanda juu. Unaweza kubleed hadi mwaka uishe, utatoa mafuta safi kwa chini huku hewa imekaa juu imetulia.

Jumatatu nikamwonyesha Fundi Maina picha.

"Hii ilifungwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi huyo fundi alikuwa na haraka."

Akabadilisha, akaweka washer mpya za shaba, akableed kuanzia nyuma. Pedal ikasimama juu, ngumu. Nikaijaribu kwenye tambarare, kisha mteremkoni, nikiwa peke yangu.

Jumanne tukaondoka. Mama kwenye usukani, Mama Njoki kando yake, mimi nyuma na wanawake wawili, ndizi kwenye boot. Mteremko wa kwanza mama akapump kwa mazoea. Gari likasimama ghafla, mkungu wa ndizi ukanigonga kisogo.

"Umeharibu gari yangu!"

Kona iliyofuata alikanyaga mara moja tu. Likapunguza mwendo. Timau tukafika, mjukuu akabebwa.

Njiani kurudi Mama Njoki akatoa uamuzi: "Mungu alimwonyesha hiyo kitu siku alirudi kanisa."

Nimetafuta hoja ya kumpinga. Ugumu ni kwamba kweli niliiona kanisani.

Nilichojifunza: pedal ikiwa laini, usiridhike na "ni hewa." Uliza kwa nini haitoki, na nini kiliguswa mwisho. Muulize anayeendesha, si anayetengeneza peke yake.

Sasa niambieni: gari la kwenu lina "tabia" gani ambayo kila mtu nyumbani ameizoea?