Mvumo Katika Sauti ya Mama

Mamangu alimwita mume wa dada yangu "mwanangu", na mimi akaniita "fundi". Majirani walidhani ananisifu. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilijua kwamba fundi huitwa kitu kikiharibika, kikipona huambiwa kwaheri.

Wakati huo, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Malindi, upande wa mji wa kale. Pia nilikuwa mnasaji wa vugo, mwenye kuzirekodi kwenye kanda. Vugo ni nyimbo za harusi za wanawake peke yao, wanaoimba huku wakigonga pembe kwa vijiti, na mwanamume haruhusiwi kutia mguu pale. Kwa hiyo mnasaji hukaa nje ya ukuta na mashine yake. Waya hupitishwa dirishani, na mwanamke mmoja hushika maikrofoni kule ndani, nawe huku nje unampigia kelele asogee kushoto, asogee kulia. Mashine yangu ilikuwa ya kizamani, kanda zake kubwa mfano wa sahani za pilau. Kiongozi wa waimbaji alikuwa mamangu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, na wengine walipopanda juu yeye alibaki palepale chini akawashikilia.

Kisha kaseti zikaingia, na kila mwenye harusi akataka kaseti apeleke kwa jamaa zake Lamu na Uarabuni. Nani angempelekea mtu sahani ya pilau asiye na pa kuichezea?

Shemeji yangu alikuwa mpishi katika hoteli moja kule Bofa. Kuhusu umeme alijua kuwasha na kuzima taa. Lakini nduguye aliyekuwa Uarabuni alimletea mashine mpya ya kaseti, nyeusi, yenye vijitaa vya kijani vinavyoruka sauti ikipanda. Na hoteli ilipobadilisha vyombo vya bendi yake, akapewa kisanduku cha zamani cha kuunganishia maikrofoni tatu pamoja. Basi shemeji akawa mnasaji. Bila kuunguza hata kidole kimoja kwa risasi ya moto ya kuchomelea nyaya.

Binti wa mamangu mdogo, wa mtaa wa Barani, alipochumbiwa, mama alitangaza kwamba hilo ndilo vugo lake la mwisho. Kifua kilikuwa kinambana, daktari alishamkanya. Nikaanza kuisafisha mashine yangu. Nikiwa katika kusafisha, mama akaniambia, hata hakuniangalia, alikuwa akichambua mchele:

"Fundi, usijisumbue. Mwanangu ndiye atakayeninasa. Hiyo yako waachie makumbusho."

Niliona wivu. Sitafuti jina lingine la kuupamba. Wivu wa kukosa hamu ya kula, wivu wa kumchukia mtu kwa jinsi anavyovaa kofia. Wanawake wa kwetu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mimi nilikonda mpaka suruali ikaomba mshipi.

Siku mbili kabla ya harusi, shemeji akaja kibandani amekumbatia vitu vyake vyote viwili.

"Shemeji, hivi viwili havisikizani," akasema. "Hiki cha kale waya wake una meno matano. Mashine mpya ina matundu mawili tu, jekundu na jeupe. Nimejaribu kusukuma, wallahi, karibu nivunje."

"Umesukuma?"

"Kidogo."

Nilimcheka mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia. Shemeji akacheka nami, na hilo likanikera zaidi, maana hakuwa na kiburi ambacho ningeweza kukishika. Nikakata waya, nikauvua, nikachomelea plagi mbili mpya upande wa pili. Kazi safi, hata leo nasema. Siku hiyo stima ilikatika mjini, tukajaribu kwa betri: kisanduku kwa betri ya gari, mashine kwa mawe yake madogo ya betri. Shemeji akasema "moja mbili, moja mbili", vijitaa vikaruka, sauti ikatoka kama maji ya kisima.

Hapo kulikuwa na sentensi moja ya kumwambia. Vitu vile kwa betri havina neno, lakini ukivitia vyote viwili kwenye stima, kile cha kale kitavuma, na dawa yake ni kipande cha waya kutoka kwenye bati la kisanduku hadi bomba la maji. Kila fundi wa redio analijua hilo. Shemeji akaniuliza, "Hakuna jingine la kuangalia?"

"Hakuna," nikasema. "Nenda ukaoneshe ufundi wako."

Siku ya harusi, baada ya swala ya alasiri, tulikaa uani kwa jirani, migongo ukutani, vyombo vyote viwili vimetiwa kwenye stima. Nilikwenda kwa sababu mimi ni nduguye bibi harusi, ndivyo nilivyojiambia. Pembe zikaanza, shemeji akavaa spika za masikioni, na uso wake ukabadilika.

"Shemeji, kuna kitu kinavuma."

Nikavaa nikasikiliza. Mvumo ulikuwa mnene, umetandaa chini ya kila kitu. Bomba la maji lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Waya nilikuwa nao mfukoni. Fundi hatembei bila waya.

"Mashine mpya hizo," nikasema. "Labda bado haijazoea."

Nilitaka aniombe. Nilitaka asimame mbele ya wanaume wote wale aseme: njoo ushike wewe, mimi sijui. Angesema hivyo ningeinuka mara moja. Lakini mama alikuwa tayari ameingia kwenye ubeti, na shemeji, kwa heshima ya mkwewe, hakuthubutu kuwasimamisha wanawake. Akainamia vile vitufe, akivigusa kimoja kimoja, jasho likimtoka. Mama aliimba mpaka mwisho.

Juma lililofuata tuliisikiliza kaseti nyumbani kwa dada. Mama alikaa kitini, akaikunja kanga yake magotini, akasikiliza upande mzima.

"Mbona mimi sisikiki?" akauliza. "Nasikia nyuki."

"Ni kosa langu, mama," shemeji akasema akiwa ameinamisha macho. "Fundi alifanya kazi yake sawasawa. Mimi ndiye sikujua kuitumia."

"Si neno, mwanangu," mama akasema, akaomba maji. Hakuimba tena. Kabla ya mfungo uliofuata tukamzika.

Tangu hapo nimepata mashine nyingi, kila moja mpya kuliko iliyotangulia. Zipo zinazoweza kuutoa mvumo. Nimejaribu. Lakini sauti ya mama ilikaa chini, na mvumo nao ulikaa chini, palepale. Ukiutoa mvumo, sauti nayo hufuata. Hubaki pembe na wale waliokuwa wakimwitikia.

Shemeji alizeeka akiwa na jambo hilo moyoni. Idi moja, watu walipokuwa wakitakana radhi msikitini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili asiuachie.

"Shemeji," akasema, "nilikuharibia sauti ya mamako. Nisamehe."

Watu walikuwa wanatungoja mlangoni. Nikamwambia nimemsamehe.