Mahrail Aliyeketi Ijumaa Kuu

Mahrail binti Ghattas alizaliwa mwaka 1948 karibu na mji wa Mallawi, katika nchi ya mafarao, kwa wakulima wa miwa waliofunga saumu zote za Kanisa na nyingine za kujitungia. Aliolewa na Wasfi, seremala, na mimba zake mbili za kwanza zikatoka mwezi wa tano, watoto wakiwa hai lakini wadogo mno kuishi. Hawakuwahi ubatizo. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi kuliko yote.

Mimba ya tatu, daktari wa mjini Minya aliufunga mlango wa kizazi kwa uzi. Akamwagiza apumzike, asibebe ndoo, asiinamie karai la unga, na akiona maji au damu asingoje. Mahrail alitii. Mama mkwe wake, Bi Estir, aliyebaki kukanda unga peke yake, hakunyamaza.

"Sisi tulizaa tukarudi kukata miwa," alisema. "Wewe umelala kama yai la kanga. Na Mungu naye utamwambia daktari amekukataza?"

Maneno hayo yalimchoma. Ijumaa Kuu ya mwaka 1974, waumini walipoanza kusujudu mara mia mia kuelekea pande zote nne za dunia, aliona aibu kukaa, akasujudu nao mpaka mwisho. Kabla ya Pasaka chupa ya uzazi ilipasuka. Mtoto wa kiume akazikwa bila jina.

Tangu hapo aliamini kwamba amemuua mwanawe kwa magoti yake mwenyewe. Hakuzaa tena. Uchungu wa mwana, husemwa, aujuaye ni mzazi. Kijijini pale wazazi walijaa tele na hawakuujua. Basi kila mke aliyeshonwa mlango wa kizazi kama yeye, Mahrail alikwenda kumkandia unga na kumchotea maji, na Ijumaa Kuu aliketi naye benchi la nyuma, yeye mzima wa viungo, ili mwenzake asitazamwe peke yake. Walimwita mvivu. Kasisi wao, Abuna Bishara, alimvuta kando.

"Binti yangu, unawafundisha watu kiburi."

"Mimi nilishasujudu, Baba," alijibu. "Niache nikae."

Mwaka 1993 alishonwa Nargis, binti wa dada yake. Huyu alifuata kila agizo, na Mahrail alimlinda kama mboni ya jicho. Mwezi wa sita mtoto akatoka vilevile, akafa.

"Mama mdogo, nilikosea wapi?" Nargis aliuliza.

"Hukukosea popote, mwanangu."

Jibu hilo lilimvunja aliyelitoa. Miaka yote hatia ilikuwa imempa sababu ya kufiwa na wanawe, na sasa hata sababu hakuwa nayo. Alikiri waziwazi kwamba tangu siku ile aliomba na hakusikia kitu. Hata hivyo alikanda unga wa watu, na kila Ijumaa Kuu aliketi, mpaka alipofariki katika Kwaresima ya mwaka 2004.

Wapo wanaowahesabu watoto waliopona wa wake aliowatunza kuwa miujiza yake. Makaburi madogo nayo ni mengi, na yeye asingekubali tuyafiche. Anayetaka kumwiga asianze na miujiza.

Ijumaa Kuu ya mwaka ule, Nargis, ambaye hadi leo hana mtoto, alikwenda benchi la nyuma alikokaa msichana aliyeshonwa juzijuzi, uso ameufunika kwa shela.

"Dada, wangu atapona?" msichana alinong'ona.

"Sijui," alisema Nargis. "Sogea nikae."